Neno Linalokuja Baada ya "Nzuri"

Joramu aliniambia nitarudisha viatu vyake Ijumaa.

Ilikuwa Jumatatu jioni, jikoni katika nyumba tuliyopanga Merrylands, kitongoji cha Sydney, Wakenya wanne na bafu moja. Kesho yake nilikuwa na intavyuu ya kazi ya uuguzi wa akili gerezani, na viatu nilivyokuwa navyo ni vile vya ghala la Smithfield, vyenye chuma puani na vumbi ambalo hata maji ya moto yalishindwa kulitoa. Nikamwomba aniazime vyake vyeusi vya ngozi.

"Chukua," alisema, akivisukuma kwa mguu chini ya meza. "Lakini Ijumaa nivione hapa. Barasa, ndugu yangu, una diploma. Mimi mwenye digrii sijathubutu. Kule watu wana digrii mbilimbili na bado wanaandikiwa barua za pole."

"Na wakinichukua?"

"Wakikuchukua, utavirudisha siku utakayostaafu."

Wenzetu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Na huko nyumbani Kimilili, mjomba Wekesa alikuwa ameshanipigia kunionya. "Miaka yote umeuguza wagonjwa wa akili Nairobi, sasa unawatafuta walio na kesi? Na hao Waaustralia unasema wanaongea bila kufungua mdomo. Utawaelewaje? Watakufungia huko bure."

Wote walikosea. Nilipita intavyuu, nikaingia gereza la kwanza, la pili na la tatu, yote kwa mlango wa wafanyakazi, kama mjomba anasoma hapa. Nikafanya kazi hiyo mpaka nilipostaafu na kurudi, na sasa naandika nikiwa nimeketi kwenye roshani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, na kutoka hapa naona paa la mjomba. Ni la chini kidogo.

Nimeandika kwa ajili yenu wauguzi vijana mnaonitumia ujumbe mkiuliza kazi ile ikoje. Vyeo na mishahara sitawaeleza. Mtu aliye nyuma ya mlango wa chuma hajali cheo chako. Na mapema niseme kwamba mimi najisifu. Nilianza upya nikiwa na mvi, nikawaosha wazee asubuhi na kupakia makontena jioni huku nikisomea mtihani wa leseni ndani ya treni. Nisipojisifu mimi, mjomba hatanisaidia.

Siku ya kwanza nakumbuka milango. Unafunguliwa mmoja, unangoja ufungwe nyuma yako, ndipo wa mbele unafunguka, na katikati pale unasimama kama barua ndani ya bahasha. Nilipotoka kwenye mlango wa mwisho nilimkuta Maureen, muuguzi mzee wa Sydney hiyo hiyo, mfupi, sauti kama ya mtu aliyevuta sigara tangu ubatizo, amebeba kreti ya plastiki ya bluu, ile ya kubebea maziwa.

"Wewe ndiye mpya," alisema. "Umewahi kuongea na mtu kupitia tundu la sahani?"

Nikamwambia nimefanya kazi katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili Nairobi, wodi za wanaume, na hakuna ambacho sijakiona.

"Vizuri," akasema. "Basi keti."

Mlango wa seli una kidirisha cha kupitishia chakula, na kidirisha hicho kipo usawa wa kiuno. Muuguzi akisimama, mfungwa anaona tumbo na mkanda. Akiinama, anaanza kupiga kelele kwa sababu mgongo unauma, na mgonjwa anadhani anafokewa. Maureen aligeuza kreti juu chini, akakaa, na macho yake yakawa sawa na macho ya mtu aliyeketi kitandani. Kisha akauliza swali moja na kunyamaza. Alinyamaza mpaka mimi nikaona aibu. Mfungwa, jitu la miraba minne ambalo askari walisema haliongei, likaanza kuongea.

Alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyakuta darasani. La kwanza, usiulize kosa. Hilo ni la hakimu, na ukilijua uso wako utalisema. La pili, kabla hujaita jambo ndoto ya mgonjwa, uliza kama ni kweli. Aliwahi kumwona daktari akiandika kwamba mfungwa ana wazimu wa kudhani yeye ni tajiri. Kumbe alikuwa tajiri.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Mtu akiingia gerezani, muuguzi humkagua akili. Analala? Anakula? Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Ana mpango wa kujidhuru? Majibu yanaamua atawekwa wapi: seli ya kawaida yenye shuka na kamba za viatu, au seli ya uangalizi yenye kamera, taa isiyozimwa na joho nene la kijani lisilochanika wala kufungika fundo. Ukikosea upande mmoja, umemvika mtu mzima joho kama mwendawazimu. Ukikosea upande wa pili, asubuhi unaitwa.

Basi hapo ndipo mimi nilipoanza kung'aa. Kila ukaguzi ulianza kwa kuuliza hali, na kila Mswahili aliyeletwa, awe Mkenya, Mtanzania, Mrundi au Mkongo, alijibu vilevile: nzuri. Wenzangu waliandika "anajihisi vizuri" na kufunga faili. Mimi nilikuwa nacheka. Tangu lini sisi tukaulizwa habari tukasema mbaya? Shangazi yangu aliwahi kunipigia simu: "Habari za huku nzuri kabisa, mwanangu, watoto wazima, mvua imenyesha, mahindi yanapendeza, ila nyumba imeungua." Salamu yetu ni mlango wa kwanza. Habari yenyewe iko nyuma ya "ila".

Nikamweleza Maureen. Alinitazama kama mtu aliyeokota noti barabarani.

"Kwa hiyo swali lako la kwanza halihesabiki?"

"Halihesabiki. Ukisikia 'nzuri', kaa. Ila itakuja."

Tangu siku hiyo neno likawa la kwetu. Maureen alikuwa akiniona nimeketi kwenye kreti mlangoni kwa Mswahili mmoja, anapaza sauti kutoka mwisho wa ukumbi, kwa matamshi yake ya ajabu: "Barasa! Ameshatoa iiila?" Na askari, ambao hawakujua hata maana yake, wakawa wanaulizana hivyo hivyo. Nawaambia, diploma yangu ilizungumza Kiswahili gereza zima.

Kisha ikaja Korona.

Maureen alikuwa na mapafu ya mashaka, akaambiwa aende nyumbani, na kwenda huko kukawa ndiko kustaafu. Hakukuwa na keki wala hotuba. Siku ya mwisho aliniachia kreti mlangoni mwa ofisi. "Nakuazima," alisema kupitia barakoa. "Sijakupa. Ukiondoka hapa, nataka uniletee."

Kazi ikageuka. Wageni walipigwa marufuku. Kila mfungwa mpya aliwekwa karantini peke yake kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine, na wakati mwingine alihamishwa gereza kabla hajaijua hata sura ya jirani. Sisi tulivaa magauni ya manjano, barakoa na ngao za plastiki zilizoshika mvuke, tukawa tunafanana wote na hatufanani na mtu. Daktari wa akili alifanya kazi akiwa nyumbani kwake na kuonekana kwenye skrini yenye magurudumu. Mkalimani alisikika kwa simu, kutoka mji ambao hakuna aliyeujua.

Mwaka huohuo mama yangu alifariki hapa Kimilili. Mipaka ilikuwa imefungwa. Nilitazama mazishi kwa simu ndani ya gari, kwenye maegesho ya gereza, kisha nikavaa gauni la manjano nikaingia shifti. Lakini tunazungumza kazi, tuendelee.

Sasa nifike kwa Byamungu. Jina hili silo lake. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia, akaniruhusu na kulichagua mwenyewe. Alikuwa Mkongo wa Uvira, kijana wa miaka thelathini hivi, mpakiaji wa ghala, aliyeletwa kwetu kutoka gereza jingine katikati ya karantini yake. Askari waliripoti kwamba harudishi sahani tupu. Anarudisha ilivyokuja, imefunikwa. Usiku anavuta blanketi kichwani na kuongea. Kwa hiyo akavuliwa nguo zake, akavikwa joho la kijani na kuwekwa kwenye seli ya uangalizi.

Asubuhi ile daktari alikuwa Daktari Helen, mwanamke makini, mwenye mbwa aliyebweka kila alipofikia swali muhimu. Skrini ikasukumwa mpaka kwenye kidirisha. Simu ya mkalimani ikawekwa juu ya skrini. Mimi nikaketi kwenye kreti kando, kwa sababu sheria ni kwamba muuguzi hatafsiri katika ukaguzi rasmi, hata kama lugha ni ya mama yake. Mkalimani alikuwa bwana wa Kiswahili safi mno, kile cha taarifa ya habari.

Daktari aliuliza hali. Mkalimani akasema, "Daktari anakujulia hali, ndugu. U hali gani?"

Byamungu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Akajibu kwa upole, bila kuinua kichwa, akimwita mkalimani papa, yaani baba: "Niko muzuri, papa. Seulement walishanizika."

Simu ikakwaruza. Mkalimani akatafsiri: "Anasema yuko vizuri. Wameshamzika."

Nilimwona Daktari Helen akiacha kuandika. Mbwa akabweka. Akauliza tena, polepole, ni nani aliyemzika.

"Mama. Na watu ya kanisa."

"Lini?"

"Ile siku ya mungu iliyopita. Walilia, waliimba, ikaisha. Njo maana sikule. Mutu walisha muzika anakula nini?"

Yote hayo yalifika kwa Kiingereza yakiwa makavu na yamenyooka. Mtu yuko vizuri. Mtu amezikwa Jumapili. Mtu hahitaji chakula kwa kuwa ni marehemu. Daktari Helen aliniomba nisogee mbali na kidirisha.

"Barasa, umewahi kuuona huu? Mgonjwa anayeamini amekufa?"

Nimewahi, Nairobi, mara mbili, na ni ugonjwa wa kweli, mbaya. Wagonjwa hao hufa njaa huku wakikueleza kwa utulivu kwamba wameshakufa. Alisema atamwombea nafasi hospitali ya wagonjwa wafungwa siku hiyohiyo, sindano zianze, kwa nguvu ikibidi. Hakuwa amekosea. Kwa maneno aliyoyapata, hata mimi ningefanya hivyo.

Ila hakuwa ameyapata yote! Nilikuwa nimekaa pale naingoja "ila" yangu kama kawaida, haikuja, na nilikuwa karibu kukubali kwamba hakuna. Kisha nikatambua kwamba ilikuja. Ilikuja imevaa nguo za Kifaransa. Wakongo wa mashariki, wale wa Merrylands waliopanga jirani na sisi, wanaponung'unika hutia "seulement" katikati ya Kiswahili kama sisi tunavyotia "ila". Mkalimani wetu msafi hakulijua neno hilo, akaliruka kama mtu anayeruka dimbwi.

"Daktari," nikasema, "kuna neno limemezwa. Hakusema yuko vizuri, wameshamzika. Alisema yuko vizuri, isipokuwa tu kwamba wamemzika. Huyo hatoi taarifa ya kifo chake. Huyo analalamika!"

Alisogeza uso karibu na kamera yake.

"Analalamika kwamba amezikwa."

"Ndiyo! Na mwalimu wangu alinifundisha niulize kwanza kama ni kweli."

Sitasahau alivyovua miwani. "Una mpaka chakula cha mchana," akasema. "Asipokula leo, namhamisha. Siwezi kumwacha afe kwa sababu ya neno moja."

Wakati huo nilijua ninachocheza nacho. Kama nimekosea, nimechelewesha matibabu ya mgonjwa mahututi kwa majivuno yangu. Kama sijakosea na nikinyamaza, atadungwa sindano, atalala, na hakuna atakayemuuliza tena, na mtu aliyeazimia kufa ataendelea na safari yake kimyakimya ndani ya hospitali.

Nikarudi kwenye kreti bila skrini, bila simu. Mazungumzo ya kawaida ya muuguzi na mgonjwa hayakatazwi kwa lugha yoyote.

"Habari ya hapa ndani?"

"Muzuri."

Nikanyamaza. Taa ile isiyozimwa ilikuwa inavuma. Nilisikia askari akitafuna kitu nyuma yangu. Nikaendelea kunyamaza.

"Seulement..." akasema Byamungu.

"Eeh?"

Ikatoka yote. Siku chache baada ya kuletwa kwetu, mfungwa Mkongo aliyekuwa akisukuma toroli la chakula alisimama mlangoni kwake, akamkodolea macho na kusema: "Si ni weye Byamungu wa Merrylands? Bibi yangu alinielezea kwa simu, walikufanyia matanga. Kanisa yote ililia." Matanga ndiyo kilio chao cha msiba. Kwa sababu ya Korona hakuna aliyeruhusiwa kukusanyika, kwa hiyo walilia kwa simu, kila mtu kwake, mama yake akiongoza.

"Na hukupiga simu kumwambia uko hai?"

"Papa docteur, nimwambie nini? Alisha lia, alisha nisamehe, watu walisha sema nilikuwa mutoto muzuri. Niamuke kwa wafu nimwambie, mama, sikufa, niko tu mu prison?" Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Atalia mara mbili. Ya pili kwa haya. Heri ile ya kwanza ibaki. Mimi namalizia tu kazi yao."

Na ule usemi wa usiku chini ya blanketi? Alikuwa anaimba pole pole nyimbo ambazo jamaa wa toroli alimwambia ziliimbwa kwenye matanga yake.

Jamani, niliruka kutoka kwenye kreti mpaka ikagonga mlango! Hakuwa na wazimu wa kudhani amekufa. Alikuwa na akili yake timamu, na huzuni nzito kuliko mlango ule, na mpango. Huyo ni mgonjwa mwingine kabisa, na dawa yake ya kwanza ilikuwa inaishi Merrylands.

Aliniruhusu nimpigie mama yake kwa kuinamisha kichwa tu, hakusema ndiyo. Nikapiga simu kutoka ofisini, ofisa wa ustawi akiwa kando yangu kama inavyotakiwa. Sauti ya mama mtu mzima ikapokea.

"Mama, shikamoo. Naitwa Barasa, ni muuguzi. Napiga kuhusu Byamungu."

"Asante, papa, kwa kutukumbuka," akasema. "Mutoto wangu hayuko tena."

Nilitazama ukuta kidogo. Pale ukutani kulikuwa na bango la kunawa mikono.

"Mama, nani alikuambia hayuko tena?"

Akaita mjukuu, binti wa shule, aliyekuwa akipokea simu za Kiingereza za nyumba nzima. Binti huyo alielewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza chote, na ndani ya maneno yake nikaona jinsi mtu anavyozikwa akiwa hai. Mara ya kwanza aliyepokea gerezani alimwambia kwamba mjomba wake yuko kwenye "senta", ametengwa, hawawezi kumwona. Alimaanisha senta ya magereza. Binti akamtafsiria bibi: yuko centre, wamemutenga, hatuwezi kumuona. Kwa mama wa Uvira, centre ni zahanati. Na mwaka ule, aliyetengwa zahanati bila kuonwa alikuwa anangojewa habari ya kifo chake. Wiki iliyofuata binti akapiga tena. Siku hiyo Byamungu alikuwa ameshahamishiwa kwetu. Aliyepokea akasema, kwa ukweli kabisa, kwamba hayupo tena pale.

Binti akamgeukia bibi yake: "Hayuko tena."

Nani wa kulaumu? Kila mmoja alitafsiri sawasawa.

"Mama," nikasema, "Byamungu alihama tu. Yuko hai. Yuko hatua chache kutoka nilipo, na amekataa kula."

Mama akasema kwa ukali ambao sikuutarajia: "Weye papa, usicheze na mimi. Watu ya Facebook walisha jaribu kuniibia na jina yake. Nimuone."

Kulikuwa na tableti za kuongea na familia, lakini zilikuwa na zamu na zamu yake haikuwa siku hiyo. Nikamfuata mkuu wa zamu. Nilisema Kiingereza changu chote, cha Kimilili, cha Nairobi na cha Smithfield. Nikamwambia nikikosea aandike jina langu, aliandike vizuri, B-a-r-a-s-a. Alikuna kichwa. "Ndiyo yale mambo yenu ya iiila?" akauliza. Nikasema ndiyo, ila leo ni ya Kifaransa. Akatoa tableti.

Daktari Helen alikuwa kwenye skrini yake, tableti ikapitishwa kwenye kidirisha. Byamungu aliishika kama sahani ya moto. Upande wa pili uso wa mama ukatokea, kitambaa cheusi cha msiba kichwani.

"Toa ile kitu kwa kinywa," mama akasema. Alimaanisha barakoa. Byamungu akamtazama askari, askari akatazama dari. Barakoa ikashuka.

Mama hakulia. Alikaza macho. "Kama ni weye, niambie. Uvira tulikuwa na mbuzi. Ilikula bulletin yako, ile karatasi ya points ya shule. Jina yake?"

"Mama..."

"Jina yake!"

"Directeur," Byamungu akasema. "Na haikukula. Ni mimi nilimupa. Nilikuwa wa mwisho."

Yule mama alipiga yowe ambalo lilifika mpaka langoni! Kicheko na kilio vimeshikana, na nyuma yake binti wa shule anapiga kelele, na majirani wanagonga mlango, na mbwa wa Daktari Helen amepata wazimu kamili. Mama akavuta kile kitambaa cheusi kichwani akakitupa.

"Nilisha kulilia bure, kichwa ngumu! Uko wapi?"

Byamungu aliinamisha kichwa.

"Mu prison, mama."

"Na unakula?"

"Hapana."

"Utakula sasa, nikiona. Haya ya prison tutaongea ukitoka. Mimi nilikuwa natafuta kaburi, Mungu ananipa prison. Nitakataa?"

Alikula wali baridi na kuku mbele ya tableti, kijiko kwa kijiko, mama yake akihesabu kama anamlisha mtoto. Daktari Helen alifuta ombi la hospitali ile. Aliandika huzuni kubwa yenye hatari ya kujiua, matibabu na uangalizi, na simu ya familia kila siku. Kwa sababu huzuni ilikuwepo, msidhani kuku aliiponya. Nilikaa mlangoni kwake na kreti wiki nyingi baadaye. Joho la kijani lilitoka kwanza, kisha akahamia wodi, kisha akatoka.

Baada ya hapo timu yetu iliweka desturi: mkalimani akianza, anaambiwa asiruke neno lolote, hata lisilo la lugha yake, alitaje tu kama lilivyo. Desturi hiyo ni yangu. Wakubwa waliipa jina refu, lakini ni yangu.

Nilipostaafu, kabla ya ndege, nilitenga siku moja kuwalipa walioniazima.

Nilianza kwa Joramu, ambaye alikuwa bado Merrylands na bado na digrii. Nilimpelekea viatu vyeusi vya ngozi, vipya, ndani ya boksi, kwa kuwa vile vya kwanza niliviua kwenye korido. "Leo ni Ijumaa," nikamwambia. Alitazama kalenda, akatazama viatu, akacheka mpaka akaketi chini.

Kisha Maureen, na kreti yake ya bluu iliyokwaruzika. Aliigeuza juu chini mlangoni kwake, akaikalia palepale, akasema imekuwa fupi. Nikamwambia ni yeye aliyekuwa mrefu zamani. Hakukubali.

Wa mwisho alikuwa mama yake Byamungu. Alinikamata kwenye duka la mboga wiki moja kabla, akaniamuru nije kula kabla sijapanda ndege, na kwa kuwa sikuwa tena mfanyakazi, nilienda. Fufu, sombe, yaani kisamvu chao, na samaki. Byamungu alirudi kutoka ghalani akiwa na viatu vyenye chuma puani, vumbi lilelile la Smithfield. Tulikula.

"Na habari ya kurudi kwenu, papa docteur?" mama akauliza.

"Nzuri sana!" nikasema. Nikawaeleza nyumba, roshani, ng'ombe wa maziwa watatu, bomba la maji mpaka jikoni, mjomba Wekesa atakavyotapatapa. Nilieleza vizuri sana. Nilipomaliza, nikatabasamu.

Byamungu alivuta kigoda kifupi cha jikoni, akaketi mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akaninyamazia. Mama naye akaacha kukusanya sahani.

Nilijua wanachofanya. Nimewafanyia watu hivyo maisha yangu yote ya kazi. Nilidhani naweza kuwashinda.

"Seulement," nikasema, "ile nyumba, mama yangu hayumo. Nilimzika kwa simu."

Hawakunipa pole mara moja. Walingoja yaliyobaki, na yalikuwa mengi, na niliyasema yote.